Kizuri Hakijiuzi: Niliyojifunza Katika Karakana ya Ski

Wiki ya pili ya Aprili niliitwa kazini kwa mara ya mwisho. Safari hii hapakuwa na mbao za kukata wala gundi ya kuchanganya. Bosi wangu alinikabidhi mkanda wa kufungia maboksi, akaniomba nihesabu zilizobaki. Nilihesabu jozi 61 za ski. Zote zilikuwa mpya, zimeng'arishwa, hazijawahi kugusa theluji. Nje, theluji yenyewe ilikuwa ikiyeyuka na kutiririka mtaroni. Mwisho wa mwezi karakana ilifungwa, na ile mashine kubwa ya kukandamizia ikapakiwa kwenye lori la mtu aliyeinunua kwa bei ya kutupa.

Nilifanya kazi pale kwa misimu miwili, siku za Jumamosi na likizo za kiangazi. Wenyewe walikuwa ndugu wawili, watoto wa mama mmoja, waliokulia milimani hapa Colorado. Walianza wakiwa na wazo, akiba zao, na gereji ya baba yao. Sitawataja majina kwa sababu jeraha lao bado bichi, na kwa sababu hadithi yao si yao peke yao.

Kuna methali tuliyofundishwa sote: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaomba radhi wahenga, na namwomba radhi mwalimu wetu aliyetuandikia methali hiyo ubaoni muhula uliopita, lakini mimi nimeona kizuri kikishindwa kujiuza. Ski zile zilikuwa nzuri. Waliozinunua walirudi kutushukuru, na wengine walileta rafiki zao. Hoja yangu katika makala haya ni moja: kiwanda kidogo cha ski mara nyingi hakiuawi na ubovu wa bidhaa, kinauawa na kalenda. Fedha hutoka majira ya kuchipua na kurudi majira ya baridi. Katikati kuna miezi minane au tisa ya kulipa pango, vibarua na riba. Asiyejua nani atakayeibeba miezi hiyo ameshashindwa kabla theluji haijaanguka.

Najua wapo watakaouliza: sisi na ski, wapi na wapi? Wengi wetu klabuni tumepanda milimani mara moja tu, tukaanguka, tukanywa chai ya moto, tukarudi na picha. Wakenya wenzetu watatutajia Philip Boit, aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za ski kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na mazungumzo yataishia hapo. Lakini tunasoma katika jimbo ambalo mchezo huu umewapa watu wengi mkate wao, na wanachama wetu wengi wanasomea biashara au uhandisi. Isitoshe, nitaonyesha kuwa tatizo la ndugu wale ni tatizo ambalo baadhi ya mama zetu na shangazi zetu wanalijua vizuri kuliko vitabu vyetu.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Ski ni kibao kirefu chembamba kinachofungwa chini ya buti, kimoja kila mguu. Ukiikata katikati utaona matabaka. Chini kabisa kuna plastiki ngumu inayoteleza. Pembeni yake unapita ukingo wa chuma unaouma barafu wakati wa kukata kona. Juu ya hapo kuna kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi, kisha kiini cha mbao, kisha kitambaa kingine, na mwisho karatasi ya juu yenye rangi na picha. Matabaka hayo hupangwa ndani ya kalibu, yakaingizwa kwenye mashine, yakabanwa na kupashwa moto mpaka gundi igande. Kisha ski hukatwa, husagwa, hupigwa msasa na kupakwa nta.

Wageni wakija karakanani walipenda kuipiga picha ile mashine. Ilikuwa na sauti na ilitoa joto. Lakini mashine haikuwa shida yetu. Shida ilianzia kwenye kalibu, kwa sababu kila urefu wa ski unataka kalibu yake. Ukitaka kuuza aina tatu za ski, na kila aina iwe na urefu wa namna nne, unahitaji kalibu 12, na ghalani utakuwa na mafungu 12 ya bidhaa ambayo huwezi kuyachanganya. Mwenye kiwanda kikubwa anaweka mamia ya jozi katika kila fungu na akikosea kidogo hasikii. Sisi tulikuwa na jozi kumi na kitu kila fungu. Katika zile 61 zilizobaki, 44 zilikuwa za urefu wa mwisho kabisa, ama fupi mno ama ndefu mno. Zile za katikati ziliisha kabla ya Krismasi. Januari nzima nilikuwa nikipokea simu za watu wanaotaka urefu wa sentimita 178, nami nawajibu kwamba zimekwisha, huku nyuma yangu ukuta mzima umejaa ski.

Mtu atauliza kwa nini hatukutengeneza nyingine. Hatukuwa na malighafi. Kingo za chuma na ile plastiki ya chini mara nyingi hutoka Ulaya, hasa Austria, Ujerumani na Uswisi, na wauzaji wake hawakukatii mita tano kama mwenye duka la vitambaa. Unanunua kwa robota, unalipa mapema, unasubiri. Tangu mwaka 2025 ushuru wa forodha wa Marekani umepanda na kubadilika mara kwa mara, hata mtu hajui mzigo alioagiza kwa bei hii utamfikia kwa bei gani. Kampuni kubwa ina mwanasheria na ghala la akiba la kuivusha katika misukosuko hiyo. Ndugu wale walikuwa na simu na dua.

Sasa tufanye hesabu. Hii ni hesabu ya mfano, nimeitunga ili iwe rahisi kufuata, wala si daftari la mtu. Tuseme unatengeneza jozi 200. Malighafi na vibarua vinakugharimu dola 350 kwa jozi, jumla dola 70,000. Bei ya dukani ni dola 800, bei ambayo si ya ajabu kwa ski za kampuni ndogo. Lakini mwenye duka naye anataka kuishi, kwa hiyo anakununulia kwa dola 450. Umeuza zote 200, hata moja haikubaki. Umepata dola 90,000. Toa zile 70,000, unabaki na 20,000. Pango la karakana ni dola 2,500 kwa mwezi, yaani 30,000 kwa mwaka. Umeuza kila ulichotengeneza na bado una hasara ya dola 10,000, kabla hujalipa bima, umeme, wala wewe mwenyewe hujala.

Geuza hesabu hiyo. Uza jozi zile zile moja kwa moja kwa mteja kwa dola 800. Tuseme kusafirisha, kutangaza na kuzungukia milima ili watu wazijaribu kunakula dola 150 kwa kila jozi. Unabaki na 650, mara 200 ni dola 130,000. Toa 70,000 za kutengenezea na 30,000 za pango. Zimebaki dola 30,000. Si utajiri, ila ni tofauti ya kuzama na kuelea.

Ndugu wale waliijua hesabu hii? Waliijua kwa kichwa. Lakini duka moja la mjini, ambalo silitaji, lilipokubali kuweka ski zao dirishani, walifurahi kama waliopata mtoto. Wakatia saini mkataba uliosema zisizouzwa zinaweza kurudishwa. Februari zikarudi jozi 28. Mwenye duka hakuvunja sheria yoyote, maana mkataba ulimruhusu. Alichofanya ni kuwaachia wadogo wabebe hatari ambayo yeye, mkubwa, hakutaka kuibeba. Hapo siwezi kuwatetea mabosi wangu. Walisoma ukurasa wa kwanza wa mkataba wakaupenda, wakasahau ukurasa wa tatu.

Nirudi kwenye kalenda, maana ndiko roho ya jambo hili ilipo. Januari na Februari unaonyesha ski za msimu ujao. Machi maduka yanaweka oda. Aprili hadi Juni unanunua malighafi kwa fedha ambazo huna. Kiangazi, wakati watu wanaogelea, wewe unachanganya gundi. Septemba na Oktoba unapeleka mzigo. Duka linakulipa Desemba au Januari, mara nyingine baadaye, na wewe uliye mdogo huna ubavu wa kubadili desturi hiyo. Februari bei zinaanza kushushwa, na kitu cha mwaka huu kinageuka cha mwaka jana. Tazama mpangilio huo vizuri: unaamua utatengeneza nini mwaka kesho kabla hujajua cha mwaka huu kimeuzika vipi.

Juu ya hayo yote kuna theluji, ambayo haina mkataba na mtu. Msimu wa 2010/11 maeneo ya ski ya Marekani yalipokea watembeleaji takriban milioni 60.5, idadi ambayo wakati huo haikuwahi kufikiwa. Msimu uliofuata mvua ya theluji ilikuwa haba karibu nchi nzima, na idadi ikaanguka hadi takriban milioni 51. Mtu wa hoteli hulia msimu huo huo. Mtengenezaji wa ski hulia mara mbili. Kwanza anauza kidogo, kisha maduka yaliyobaki na mzigo hayaagizi wa mwaka unaofuata. Hata theluji ya mwaka huo ikiwa tele, yeye bado analipia ukame uliopita. Na Machi 2020, korona ilipofunga vituo vya ski katikati ya mwezi, ilivifunga katika mwezi ule ule ambao oda huwekwa.

Nilipokuwa nikiyaona haya nilimkumbuka shangazi yangu wa Moshi. Kabla familia yetu haijahamia huku nikiwa na miaka 12, nilikuwa nikishinda kwenye kibanda chake cha cherehani. Shangazi anashona sare za shule. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo vitambaa hununuliwa Oktoba na Novemba, na mafundi wasaidizi wanataka chao kila Jumamosi. Wazazi nao huja wiki ya mwisho, wote kwa pamoja, na wengine wanasema watalipa mwisho wa mwezi. Shangazi hakusomea biashara. Lakini alikuwa na sheria moja aliyoiandika kwa chaki kwenye mlango: sare haikatwi bila arbuni. Mzazi alete mtoto apimwe, aache nusu ya bei, ndipo mkasi uguse kitambaa. Majirani walimwita mgumu. Kibanda chake bado kipo.

Zingatia kwamba sheria ile moja ilimtatulia mambo mawili. Ilimpa fedha za kitambaa, na ilimpa vipimo. Hakushona sare za watoto asiowajua. Ndugu wale wa karakanani, pamoja na kompyuta yao iliyochora ski kwa usahihi wa milimita, walikuwa wakishona sare za watoto wasiowajua.

Kuna gharama nyingine ambayo wanafunzi wenzangu wa uhandisi hupenda kuipuuza: kuvunjika. Howard Head, mhandisi wa ndege wa Baltimore, aliona ski za mbao za miaka ya 1940 kuwa nzito na za kizamani, akaamua kutengeneza za alumini. Husimuliwa kwamba alianza kwa dola 6,000 alizozipata kwenye mchezo wa karata. Jozi zake sita za kwanza alizipeleka Stowe, Vermont, wakazijaribu walimu wa ski, na zote sita zilivunjika. Alirudi akatengeneza nyingine, zikavunjika, akatengeneza tena, kwa misimu kadhaa, hadi mwaka 1950 alipopata ski iliyosimama. Mwaka 1969 aliiuza kampuni yake kwa dola milioni 16. Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya uvumilivu, na ni kweli. Lakini mimi naisoma pia kama hesabu. Miaka yote ile ya kuvunjika, fedha zilikuwa zinatoka na hakuna zilizokuwa zikiingia. Wangapi walikuwa na wazo zuri kama lake na fedha zao zikaisha kwenye jaribio la kumi?

Leo mteja anadai dhamana ya mwaka mmoja au miwili, na ana haki. Turudi kwenye mfano wetu. Katika jozi 200, tuseme kumi zina kasoro. Kutengeneza mbadala na kuusafirisha ni dola 400 kwa jozi, jumla 4,000. Ukiuza kupitia duka, faida yako kabla ya pango ni dola 100 kwa jozi. Kwa hiyo jozi 40 umezitengeneza, umezifunga na kuziuza ili kulipia kasoro za jozi kumi. Ongeza bima ya kukulinda mtu akivunjika mguu akakushtaki, ambayo ada yake haingoji mpaka uuze. Sasa utaelewa kwa nini bosi wangu mkubwa alikuwa akizigonga ski kwa kidole moja moja na kusikiliza mlio wake, kama mnunuzi wa tikiti maji sokoni.

Washauri hawakukosekana. Wa kwanza alisema: peleka kazi Asia, ni rahisi. Ni kweli K2, kampuni iliyozaliwa kisiwani Vashon, jimbo la Washington, mikononi mwa Bill Kirschner, ilihamishia utengenezaji wake China mwaka 2001. Lakini K2 ilikuwa na jina na oda za maelfu. Mdogo akienda huko anatakiwa aagize nyingi, alipe mapema zaidi, na angoje meli. Gharama ya jozi inapungua lakini kalenda inarefuka, na kalenda ndiyo iliyokuwa inamuua. Mshauri wa pili alisema: kopeni mkue. Walikwenda benki. Benki ilitaka dhamana, na ski zisizouzwa si dhamana inayomvutia mtu Juni. Wakaishia kwenye kadi za mkopo, na riba ya kadi haijui kiangazi wala baridi. Kukua bila kuibadili kalenda ni kuchimba shimo lile lile kwa koleo kubwa zaidi.

Ajabu ni kwamba matajiri wa mchezo huu wameshalijua dawa. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts ilianza kuuza Epic Pass, tiketi ya msimu mzima kwa dola 579, kwa sharti kwamba uinunue kabla ya msimu. Watu wengi waliisifu kwa bei. Mimi nasifu saa yake. Mteja analipa kabla hajaona theluji hata chembe. Theluji ikija, vizuri. Isipokuja, fedha zimeshaingia. Kampuni yenye milima yake yenyewe iliona haiwezi kuiachia theluji hatima yake. Sasa niambie, ndugu wawili wenye mashine moja wana sababu gani ya kuiachia?

Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba kampuni changa ya ski isitengeneze kitu ambacho hakijaagizwa. Ianze na aina moja, urefu wa namna tatu, na arbuni kabla ya kukata ubao. Hili si ndoto yangu. Wagner, kampuni ya eneo la Telluride iliyoanzishwa na Pete Wagner mwaka 2006, huchonga ski kwa kipimo cha mteja mmoja mmoja baada ya mteja kuagiza. Jason Levinthal, aliyeanzisha Line mwaka 1995, aliiona kampuni hiyo ikiingia mikononi mwa K2 mwaka 2006. Alipoanza upya mwaka 2013 na J Skis, alichagua kuuza moja kwa moja kwa mteja, kwa matoleo yenye idadi maalumu. Na anayeona mtaji wa mashine ni mzito atazame Icelantic wa Golden, hapa hapa Colorado, ambao ski zao zimekuwa zikitengenezwa Denver katika kiwanda cha Never Summer, watu wa ubao wa snobodi. Si lazima kila mwenye wazo anunue mashine.

Wapo watakaonipinga, na wana hoja. Watasema mteja hawezi kutoa dola mia kadhaa kwa kitu ambacho hajakikanyagia. Kweli, na kwa sababu hiyo lazima uwe na jozi za kujaribia za kila urefu, uzipeleke mlimani Machi, wakati mteja yupo na kumbukumbu yake ni mbichi. Watasema pia kwamba kuchukua arbuni ni kumgeuza mteja kuwa benki isiyotoza riba, na kampuni ikifa fedha zake zimekwenda. Hoja hii inaniuma zaidi, kwa sababu ni ya haki. Jibu langu ni kwamba arbuni iwe sehemu tu ya bei, iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, isiguswe kwa pango wala mshahara, itoke siku ya kununua malighafi ya ski ya mtu huyo. Asiyeweza kujizuia kuigusa asiichukue kabisa. Na watasema njia hii haitamfanya mtu tajiri haraka. Hilo sibishi. Kampuni ya jozi 120 zilizolipiwa haitaandikwa magazetini, lakini mwaka kesho itakuwa bado na mlango wazi.

Sidai kwamba arbuni ingewaokoa mabosi wangu kwa hakika. Mwaka wa kwanza, ukiwa huna jina, nani atakuamini? Labda wangepata oda 40 tu, wakakata tamaa. Lakini nadhani ni heri kujua Mei kwamba watu 40 tu ndio wanaokutaka, kuliko kujua Aprili inayofuata, ukiwa na maboksi 61 na madeni ya kadi tatu.

Kwa walimu wetu nina ombi. Katika kozi za ujasiriamali tunafundishwa kuandaa wazo, kulipamba na kulieleza kwa dakika tano mbele ya majaji. Sijawahi kuona jaji akimwuliza mwanafunzi: mwezi wa Agosti, fedha za kununulia gundi zitatoka wapi? Swali hilo moja lingetusaidia kuliko picha nyingi za kwenye skrini. Wahenga wale wale niliowaomba radhi walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo sina ugomvi nayo. Ningeongeza tu kwamba daftari liwe na safu ya miezi, maana faida ya Januari hailipi pango la Julai lililokwisha kupita.

Na sisi wanachama tusijione tuko mbali na mambo haya. Mnakumbuka fulana za Usiku wa Kiswahili mwaka jana. Tulichapisha 80 kwa fedha za klabu, tukakisia saizi, tukaamini kwamba kizuri kitajiuza. Saizi ya kati iliisha saa ya kwanza. Kubwa kabisa 23 bado ziko kwenye kabati la ofisi, na dada yetu mweka hazina alilipa tofauti kutoka mfukoni mwake mpaka Februari. Hakulalamika, lakini haikuwa haki. Napendekeza mwaka huu tufuate sheria ya mlango wa shangazi: kila anayetaka fulana ataje saizi yake na aache nusu ya bei kabla hatujampigia simu mchapishaji. Zikiagizwa 30, zichapishwe 30.

Jozi moja katika zile 61 ninayo. Bosi mdogo alinipa siku ya kufunga, badala ya mshahara wa wiki ya mwisho ambao hakuwa nao. Ina urefu wa sentimita 188, na mimi ni mfupi mno kwake. Imesimama nyuma ya mlango wa chumba changu cha bwenini, na kila mgeni huniuliza lini nitaitumia. Anayeijua saizi hiyo anione. Nitachukua arbuni.